BEI YA SAA MOJA

Ukimwuliza mfanya kazi wa pwani yetu apata kiasi gani kwa mwezi, atakujibu mara moja. Mwulize saa yake moja ina bei gani, atanyamaza. Sisi twasema kwamba jasho jingi la watu wetu hupotelea katika kimya hicho. Ovataimu huhesabiwa kwa saa, na mtu asiyeijua bei ya saa yake hawezi kujua kama amelipwa au amedhulumiwa.

Jambo hili lahusu watu wengi. Tangu Tegeta na Bunju, kupita Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo, mpaka Bagamoyo mjini na mashamba ya miwa ya Makurunge, wako watu wanaouza saa zao kila siku. Wako walinzi wa mageti, watumishi wa mahoteli ya ufukweni, vibarua wa majenzi, wavunaji wa chumvi, wapakizi wa magari, na vijana wa viwandani, wake kwa waume. Hatumtaji tajiri ye yote kwa jina, maana shabaha yetu si kumwaibisha mtu mmoja. Shabaha yetu ni kufundisha hesabu ambayo kila mtu aliyefika darasa la nne aweza kuifanya kwa kalamu na karatasi.

Mapatano ya kazi si mambo mageni hapa petu. Zamani za misafara, wapagazi walipatana mshahara na posho zao Bagamoyo kabla ya kufunga mizigo na kuelekea bara. Baadaye, katika mashamba ya mkonge ya wakati wa Waingereza, kibarua alipewa kadi iliyoitwa kipande, akatiwa alama kila siku aliyomaliza kazi, na hakupokea mshahara mpaka alama zitimie thelathini. Kalamu ya kutia alama ilikuwa mkononi mwa mnyapara. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaenea bara kwa njia ya reli. Mwaka 1955 vyama vya wafanya kazi viliungana katika Shirikisho la Wafanya Kazi wa Tanganyika, na Rashidi Kawawa akawa katibu wake mkuu. Wazee wale walipigania mambo mengi, na moja lilikuwa hili: kwamba kazi ya mtu ihesabiwe kwa haki, na mwenye kazi aione hesabu. Leo sheria ipo. Kilichobaki ni watu kuijua.

SHERIA YASEMAJE

Tanzania Bara yaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo yasema mfanya kazi asifanyishwe kazi ya kawaida zaidi ya siku 6 kwa juma, zaidi ya saa 45 kwa juma, wala zaidi ya saa 9 kwa siku. Saa itakayozidi kazi ya kawaida ni ovataimu. Haifanywi kwa kulazimishwa. Lazima pawe na mapatano. Hata yakiwapo mapatano, kazi yote ya siku pamoja na ovataimu isipite saa 12, na ovataimu yenyewe isipite saa 50 katika majuma manne.

Malipo yake yasipungue mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kazi ya siku ya mapumziko ya juma hulipwa mara mbili kwa kila saa. Vivyo hivyo sikukuu za serikali: atakayeitwa kuhudumia wageni hotelini siku ya Idi, Pasaka, Krismasi au Sabasaba, kila saa yake ni mara mbili. Tena, kazi ya usiku, yaani tangu saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 kwa kila saa. Na saa hiyo ya usiku ikiwa ni ya ovataimu, asilimia 5 yahesabiwa juu ya bei ya ovataimu.

Hayo si madai ya wakorofi. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1919, ulikwisha sema ovataimu isilipwe chini ya mara moja na robo. Sheria yetu imepita hapo, na jirani zetu Uganda, katika sheria yao ya mwaka 2006, nao wameweka mara moja na nusu. Basi anayedai mara moja na nusu haombi sadaka.

TUIFANYE HESABU UBAONI

Swali ni hili: mara moja na nusu ya nini? Hapo ndipo penye mtego. Mshahara wa mwezi lazima kwanza ugeuzwe kuwa mshahara wa saa, na sheria imetoa jedwali la kufanyia hivyo. Mwaka una majuma 52. Ukiyagawa kwa miezi 12, kila mwezi wapata majuma 4.333. Zidisha kwa saa 45 za juma, utapata saa 195. Ndiyo namba ya kukariri: 195.

Tuchukue mshahara wa msingi wa shilingi 195,000 kwa mwezi, kwa ajili ya wepesi wa hesabu tu. Gawa kwa 195. Saa moja ni shilingi 1,000. Saa ya ovataimu ni 1,500. Saa ya ovataimu iliyoangukia usiku ni 1,575. Saa ya siku ya mapumziko au ya sikukuu ni 2,000. Mwenye mshahara mwingine na afanye vivyo hivyo. Kima cha chini hubadilika kwa amri ya serikali, kama kilivyobadilika tarehe 1 Januari 2026, tena hutofautiana kwa kila aina ya kazi. Lakini njia ya hesabu ni ile ile. Na kama mkataba wako wasema kazi yako ya kawaida ni saa 40 kwa juma, basi gawa kwa 173 na kitu, na ovataimu yako yaanza baada ya saa ya arobaini.

Kibarua wa kutwa naye ana hesabu yake. Tuseme amepatana shilingi 9,000 kwa siku ya saa 9. Saa yake ni 1,000. Ameingia saa 1 asubuhi, akapumzika saa moja mchana, akaachiwa saa 1 usiku. Amefanya kazi saa 11. Saa 2 ni za ovataimu, nazo ni shilingi 3,000. Astahili kuondoka na 12,000. Akipewa 9,000 na soda, soda hiyo imemgharimu shilingi elfu tatu.

Je, anayelipwa kwa kipimo, kwa magunia au kwa mistari ya miwa? Sheria haikumsahau. Huyo huhesabiwa kama mtu wa mshahara wa juma: mapato yake ya majuma 13 yaliyopita yajumlishwe, yagawanywe kwa 13, kisha yagawanywe kwa saa za kawaida za juma. Aliyepata 585,000 katika majuma 13 amepata 45,000 kwa juma, na kwa juma la saa 45 saa yake ni 1,000.

MITEGO MINNE

Mtego wa kwanza ni kugawa kwa namba isiyo yake. Karani wa mishahara huchukua siku 26 za mwezi, akazidisha kwa saa 9, akapata 234. Akigawa 195,000 kwa 234, saa yashuka mpaka shilingi 833, na ovataimu yashuka kutoka 1,500 hadi 1,250. Mfanya kazi aliyekesha saa 40 katika mwezi amenyang'anywa shilingi 10,000 kwa kalamu tu. Kosa liko wapi? Saa 9 ni mpaka wa siku moja. Siku 6 za saa 9 ni saa 54, nazo zimepita 45. Anayefanya kazi siku 6 kwa juma, wastani wake ni saa 7 na nusu kwa siku. Na 26 mara 7 na nusu ni 195 ile ile. Hesabu ya kweli, uianze huku au kule, yakufikisha pamoja.

Mtego wa pili ni ovataimu ya mkupuo. Mfanya kazi huambiwa: "Wewe twakupa elfu ishirini kila mwezi ya ovataimu, usitusumbue." Aliyefanya saa 40 alistahili 60,000. Elfu arobaini zimekwenda wapi? Tajiri anaweza kulipa kwa mkupuo akitaka, lakini mkupuo huo usipungue kile kinachopatikana kwa hesabu ya saa. Mapatano hayawezi kushuka chini ya sheria, hata kama mfanya kazi ametia sahihi.

Mtego wa tatu ni wa werevu zaidi. Ovataimu yahesabiwa juu ya mshahara wa msingi, na posho hazimo humo. Basi tajiri huwagawia watu mshahara vipande viwili: 130,000 msingi, na 65,000 posho ya nyumba na ya nauli. Jumla ni 195,000 ile ile, na mfanya kazi hufurahi kuona ana posho. Lakini 130,000 ukigawa kwa 195 ni shilingi 667 kwa saa, na mara moja na nusu yake ni shilingi 1,000. Yaani saa ya jioni, wakati mgongo umechoka na watoto wamelala, yalipwa sawasawa na thamani ya saa ya asubuhi. Maadamu msingi haukushuka chini ya kima cha kazi ile, hakuna sheria iliyovunjwa. Ndiyo sababu twasema: siku ya kupatana kazi, usiulize jumla peke yake. Uliza msingi ni kiasi gani.

Mtego wa nne ni wa dakika. Mfanya kazi huamriwa afike dakika 20 kabla ya wakati ili apange foleni, avae sare, apokee zamu. Haziandikwi. Dakika 20 kwa siku 6 ni saa 2 kwa juma. Kwa mwezi ni saa 8 na dakika 40. Kwa bei ya 1,500, hizo ni shilingi 13,000. Twaona sisi kwamba dakika ambayo tajiri ameiamuru kwa ajili ya kazi yake ni dakika ya kazi. Haba na haba hujaza kibaba. Twauliza kibaba hicho ni cha nani.

MLINZI WA GETI

Hatuwezi kuacha kusema juu ya walinzi, kwa maana barabara ya Bagamoyo yote imejaa mageti, na nyuma ya kila geti amesimama mtu ambaye hesabu yake haifanywi. Tumezungumza na wengi. Wengi wao huingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku 6 kwa juma. Hizo ni saa 72. Sheria yampa kila afanyaye kazi zaidi ya saa 5 mfululizo mapumziko ya saa moja, na saa hiyo hailipwi kama yu huru. Lakini akiwa hana ruhusa ya kuondoka getini, kwa kuwa lazima awe tayari, basi yupo kazini na saa hiyo ilipwe.

Tutoe 45 katika 72. Zabaki saa 27 za ovataimu kwa juma. Kwa majuma manne ni saa 108, hali sheria imeweka mpaka wa 50. Kwa bei yetu ya mfano ya shilingi 1,500, saa hizo 108 ni shilingi 162,000, karibu sawa na mshahara wake wa mwezi mzima. Na nyongeza ya usiku bado. Ana saa 10 za usiku kwa kila zamu. Hata tukizihesabu kwa bei ya kawaida tu, ni shilingi 500 kwa usiku mmoja na 13,000 kwa usiku 26.

Wako matajiri watakaojibu kwamba sheria imeruhusu zamu ya saa 12. Kweli imeruhusu, lakini wasome mpaka mwisho. Zamu hiyo yataka mapatano ya maandishi, isipite siku 5 kwa juma, saa za kawaida zisipite 45, na ovataimu isipite saa 10 kwa juma. Siku 6 za saa 12 hazimo. Njia ya haki ni kuajiri mlinzi wa tatu pale walipo wawili. Mpaka wa saa 50 haukuwekwa kwa ajili ya fedha. Uliwekwa kwa sababu mtu ana mwili, ana mke au mume, ana watoto wanaotaka kumwona mchana akiwa macho.

NENO KWA TAJIRI, NENO KWETU SISI

Tajiri wa haki hana la kuogopa katika maneno haya. Twajua kwamba kazi ina misimu: miwa ikiiva haingoji, na hoteli hujaa wakati wa sikukuu. Sheria imempa nafasi ya kupatana na watu wake. Anachodaiwa ni kuandika saa, kulipa kwa hesabu, na kumpa kila mtu karatasi ya malipo inayoonyesha fedha zimetoka wapi. Twamwambia pia asimpe kijana cheo cha "supavaiza" ili kumnyima ovataimu. Anayetolewa katika kanuni hizi ni yule anayesimamia wenzake kwa niaba ya tajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa meneja mkubwa. Jina la cheo peke yake halitoshi.

Serikali nayo ina deni. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Vema. Basi jedwali hili la hesabu, lenye mistari michache tu, libandikwe kwa Kiswahili katika kila lango la kiwanda, kila jiko la hoteli na kila kibanda cha mlinzi. Ubao mmoja ukutani wafaa kuliko semina kumi.

Na sisi wenyewe? Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mfanya kazi na anunue daftari dogo la mwanafunzi, aandike mambo manne kila siku: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na jina la aliyeamuru abaki. Mwisho wa mwezi alinganishe daftari lake na karatasi ya malipo. Asiende kuuliza peke yake, maana mmoja huitwa mkorofi, na ishirini huitwa wafanya kazi. Ajiunge na chama cha wafanya kazi cha kazi yake. Sheria yampa haki hiyo, na hakuna anayeweza kumfukuza kwa kujiunga.

Akikataliwa, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nayo ina ofisi mikoani. Lakini na asilale. Mgogoro wa malipo wapaswa kufikishwa huko ndani ya siku 60, na wa kufukuzwa kazi ndani ya siku 30. Wengi wetu hulalamika chini ya mwembe mwaka mzima, na tunapoamka mlango umekwisha fungwa. Wala asiogope kwamba hana mkataba wa maandishi. Sheria yamtaka tajiri ndiye atoe maandishi ya masharti ya kazi. Akishindwa kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa ni wake yeye.

Twajua wako watakaosema: mshahara wenyewe ni mdogo, ya nini kugombania mia mbili na hamsini za saa? Twawajibu: kwa sababu mshahara ni mdogo. Mwenye mengi aweza kusamehe mia mbili na hamsini. Mama anayengoja Kiromo na sufuria tupu hawezi. Fedha hiyo ni unga, ni daftari la shule, ni nauli ya kwenda hospitali, na ilikwisha lipiwa kwa jasho.

Kwa hiyo, ndugu zetu, fanyeni hesabu usiku wa leo, kabla ya kulala. Chukua mshahara wako wa msingi, gawa kwa 195, zidisha kwa moja na nusu. Iandike namba hiyo katika ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Kesho mweleze mwenzako naye atafute ya kwake.